Akiba ya Kinanu

Kinanu alikuwa na desturi ya kuhesabu vijiko kila mgeni akiondoka, hata kama mgeni mwenyewe ni padri. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa na shaka tu, shaka iliyonona, iliyolala naye kitanda kimoja na kuamka kabla yake. Muuza nyanya akimwambia nyanya ni za leo, yeye humuuliza, "Leo ya lini?" Jirani akimsalimia kwa furaha iliyopita kiasi, Kinanu hurudi nyumbani kuangalia kama kuku wote wapo.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka mingi aliuza miraa karibu na stendi ya Isiolo, na biashara hiyo humfundisha mtu kwamba kila furushi lina uso na lina tumbo. Usoni utaona mabua mazuri mekundu. Tumboni kuna takataka ya juzi. Kinanu alizoea kufunua jani la mgomba la kila furushi kabla ya kulichukua, na siku zilivyokwenda akaanza kuwafunua watu vilevile. Marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa lori la ng'ombe, alilalamika hadharani kwamba mkewe humnusa shati kwanza ndipo amsalimie. Maskini alikufa kwa malaria, kifo kisicho na siri yoyote, lakini hata pale kaburini Kinanu aliwakazia macho wanawake asiowafahamu.

Kitu kimoja tu alikiamini bila kukinusa, nacho ni uki wa baba yake.

Uki ni pombe ya asali ya Wameru. Nyumbani kwa Kinanu haukupikiwa baa wala vijana wa kukaa barazani. Ulipikiwa sherehe: wazee wakipatanishwa, kijana akitoka jandoni, na zaidi ya yote ruracio, siku watu wa mume wanapopeleka mahari. Unaweza kupeleka mbuzi, blanketi, hata tangi la maji, lakini mzee wa Kimeru hatakiri kwamba binti yake ameolewa mpaka ashike pembe yenye uki wa upande wa pili. Na uki wa nyumba ya Mwirigi, babake Kinanu, ulikuwa na sifa kutoka Isiolo mpaka milimani.

Mwirigi aliteremka kutoka milimani akiwa kijana kuja kuvunja kokoto za barabara. Barabara ilipopita, yeye akabaki, na kisa cha kubaki ni asali. Ya milimani ilikuwa na maji, alisema. Ya huku chini, ya migunga ya Leparua na Oldonyiro, ilikuwa nzito na yenye maneno. Alikuwa amekuja na nguo za kubadilisha na kamba iliyotungwa muratina, alizopewa na baba yake naye.

Muratina ni tunda la mti mkubwa wa kando ya mito, refu na nene kama mkono wa mtu. Bichi halina faida. Huchemshwa likatoka uchungu, likapasuliwa, likaanikwa mpaka liwe jepesi kama sifongo, kisha likanyweshwa asali ya kwanza. Tangu hapo linakuwa na uhai ndani yake. Ukilitia katika kibuyu cha maji na asali, kando ya moto, uki unashika na kuanza kuongea: unaweka sikio kwenye kibuyu unasikia mnong'ono, kama akina mama nyuma ya kanisa. Ukimaliza kupika huoshi muratina kwa sabuni wala hutupi. Unaianika na kuitundika, ikangoje kazi nyingine. Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyojua kazi. Muratina za Mwirigi zilikuwa na umri kumshinda Kinanu, naye alizifahamu moja moja kwa sura, kama mfugaji anavyofahamu mbuzi wake. Kongwe kuliko zote ilikuwa na shingo iliyopinda, na Mwirigi aliiita Ngamia.

"Zitundike jikoni juu ya moto," Mwirigi alimwambia siku zake za mwisho, "mahali zitasikia watu wakiongea." Kinanu aliitikia. Aliona ni maneno ya mzee anayechoka, lakini akazitundika hapo hapo zilipokuwa.

Jambo la pili alilomwachia ni sheria ya kuonja. Kwao, anayepika uki huonja kwanza, mbele ya macho ya wote, ndipo wengine wanywe. Si heshima, ni ulinzi. Zamani watu walimalizana kwa sumu ndani ya pembe. Sheria hii Kinanu aliipenda sana, maana ilikuwa imetungwa na watu wenye akili kama yake.

Sasa, katika ua wa Kinanu kulikuwa na nyumba mbili. Kubwa ilikuwa yake, na jiko la moshi kando. Katika ile ndogo ya mabati, upande wa pili, alikaa mwanawe Zachary na mkewe Bridget. Zachary aliendesha lori la maji la kaunti na mara nyingi hakuwapo. Bridget, msichana wa Nkubu, aliuza nguo za mitumba sokoni, alicheka kwa sauti, na alikuwa na simu isiyonyamaza. Walikuwa wameishi kamwisitei, bila mahari wala harusi, kwa miaka, mpaka babake Bridget akachoka kungoja akataja siku: mvua ya masika ikiisha, ruracio. Akaongeza sharti moja. Ng'ombe watazungumzwa, lakini kibuyu cha uki kitoke nyumba ya Mwirigi, kisiwe cha kuokotwa njiani.

Bridget mwenyewe alikuwa ameomba mara nyingi kufundishwa kupika. Jibu la Kinanu halikubadilika. "Utajua siku yako ikifika." Ukweli ni kwamba aliona kidole cha mwanamke mwingine juu ya muratina zake kama kidole jichoni.

Hapo ndipo Mwenda alipokuja.

Alikuja na gari safi na viatu visivyowahi kukanyaga Isiolo. Alikuwa mtu wa kampuni moja ya kutengeneza pombe huko mjini, na alikuwa mnyenyekevu kiasi cha kumfanya Kinanu avute kiti chake nyuma kidogo.

"Habari mama."

"Habari ni nzuri, kama wewe hujaleta mbaya."

Mwenda akacheka, akatoa chupa mkobani akaiweka mezani. Kwenye karatasi ya chupa kulikuwa na picha ya mzee mwenye usinga na tabasamu.

"Huyu mzee ni nani?" Kinanu aliuliza.

"Ni picha tu, mama. Imetengenezwa na kompyuta."

"Watu wake wanajua mmemfungia kwa chupa?"

"Hana watu, mama. Hayuko."

"Ndio maana anacheka." Kinanu akaifungua chupa, akamimina kidogo kwenye kikombe, akamsukumia Mwenda. "Haya. Onja."

"Mimi naendesha gari, mama. Na niko kazini."

"Basi hata mimi niko kazini." Akakirudisha kizibo.

Mwenda hakukata tamaa. Alieleza kwamba kampuni inataka kutengeneza uki wa chupa, halali, wenye muhuri, utakaofika mpaka Mombasa. Jina la Mzee Mwirigi litaandikwa kwenye kila chupa. Walichohitaji ni muratina moja tu, moja, wapeleke maabara watoe ile hamira yake ya kale waizalishe.

Kusema kweli, Kinanu alitikisika aliposikia jina la baba yake likifika Mombasa. Alinyamaza akitazama meza. Bridget alikuwa mlangoni na sinia ya chai, naye aliuona unyamavu huo.

"Tutaona," Kinanu akasema mwishowe.

Kwa Kinanu, tutaona ni hapana iliyovaa nguo za kanisani. Hakuna maana nyingine. Lakini Mwenda aliondoka akitabasamu, na Bridget akamsindikiza mpaka langoni. Kinanu akasimama nyuma ya pazia. Aliwaona wakizungumza kwa sauti ya chini, Bridget akiuliza, Mwenda akieleza kwa mikono, Bridget akiuliza tena. Walizungumza kupita adabu ya kumsindikiza mgeni. Kinanu aliingia ndani akahesabu vijiko, vyote vilikuwapo, na hilo halikumtuliza hata kidogo.

Wiki ile ile alipika uki wa mzee mmoja wa jirani. Alipomaliza alizianika muratina kwenye ungo, mvua ikaja, akaziingiza jikoni na kuzitundika zikiwa na unyevu. Asubuhi iliyofuata Ngamia hakuwepo.

Kinanu alipekua majivu. Alipekua chini ya kuni, ndani ya sufuria, kwenye kiota cha kuku. Kisha alikaa juu ya kigoda akajisemea lile neno ambalo watu wa aina yake huliweka tayari siku zote: kikulacho ki nguoni mwako.

Alianza upelelezi. Alinyunyiza majivu mlangoni mwa jiko apate nyayo za mwizi. Asubuhi akakuta nyayo wazi kabisa, akazifuata kwa hasira mpaka kitandani kwake mwenyewe. Akabadilisha mbinu, akamkabili Bridget kwa mafumbo.

"Siku hizi kuna panya anakula muratina?"

Bridget alikuwa anaanika nguo. Hakugeuka. "Panya ana mambo mengi, mama."

Jibu gani hilo? Mtu asiye na hatia angeshangaa, angeuliza panya gani, angalau angegeuka. Kinanu alimpigia Zachary simu, na Zachary, kelele za injini nyuma yake, akasema, "Mama, hiyo ni tunda imekauka. Pengine imeanguka tu." Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Tangu siku hiyo alitazama kila kitu upya. Mlango wa nyumba ndogo, ambao zamani ulikuwa wazi mchana kutwa, sasa ulifungwa. Redio ilikuwa ikipiga nyimbo za injili humo ndani hata wakati Bridget yuko sokoni. Na moshi ulitoka kwenye dirisha dogo saa ambazo hakuna anayepika. Nani huchoma nini? Kinanu alikuwa na hakika: Ngamia ameshauzwa kwa Mwenda, na moshi huo ni wa kuchoma ushahidi. Ushahidi gani wa kuchomwa kila siku, hakujiuliza. Shaka ikishapanda kichwani haitaki hesabu.

Zile zilizobaki hakuziacha juu ya moto hata siku moja zaidi. Alitoa sanduku la bati ambalo Zachary alienda nalo shule ya bweni, jina lake bado limeandikwa kwa rangi nyeupe. Akazifunga muratina kwa nailoni nene, ile ya kufunikia mizigo ya miraa, akakaza kwa kamba ya mpira, akaziweka sandukuni, akafunga kufuli, na ufunguo akauning'iniza shingoni penye rozari. Sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Alijisikia ameshinda vita.

"Akiba haiozi," akasema, akalala vizuri kuliko siku zote.

Mvua ya masika mwaka huo haikufanya mchezo. Isiolo, ambayo kwa kawaida hulilia maji, ililowa mpaka vumbi likasahau kazi yake. Ilipokatika, siku ya ruracio ilikuwa inakaribia, na Kinanu akavuta sanduku. Alifungua kufuli na kufunua kifuniko. Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ndani ya nailoni muratina za Mwirigi zilikuwa zimevaa manyoya, mengine meupe, mengine ya kijani, na aliposhika moja ilibonyea kama papai lililokaa sana.

Kiswahili nacho kina mzaha mbaya. Kuoza ni kumtoa binti aolewe, na kuoza ni hicho Kinanu alichokuwa ameshika mkononi.

Hakupiga kelele. Alizikwangua kwa kisu, akazianika juani, akazitia moshi, akazisemesha kama anasemesha mgonjwa. Kisha akachanganya asali na maji, akazitumbukiza kwenye kibuyu, akakiweka kando ya moto, akangoja. Aliweka sikio. Kimya. Alingoja kesho yake akaweka sikio tena, mpaka shavu likaungua. Kibuyu kilikuwa kimya kabisa. Alipofunua alikuta maji matamu yenye harufu ya kiatu.

Aliogopa. Ni vizuri niseme wazi, maana Kinanu mwenyewe asingekubali kuyasema. Ruracio ya mwanawe ilikuwa mlangoni na hakuwa na pembe moja ya kumpa babake Bridget. Na zaidi ya ruracio, kitu kilichovuka mikono ya babu na baba kilikuwa kimefia mikononi mwake. Lakini mtu akizoea kushuku wengine, hofu yake haijui njia ya kurudi nyumbani. Ilitoka nje kutafuta wa kulaumu, ikampata Duba.

Duba alikuwa Mborana wa makamo aliyeuza asali karibu na soko la mifugo, asali ileile ya Leparua na Oldonyiro, na alikuwa ameiuzia nyumba ya Mwirigi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Mwislamu safi, pombe hakuigusa. Hakuwahi kuuliza asali inaenda kufanya kazi gani. "Mimi nauza damma," alizoea kusema, akiitaja asali kwa Kiborana. "Ikitoka hapa ikienda kubadilisha dini, hiyo si mambo yangu."

Kinanu hakungoja kukaribishwa.

"Duba, umeweka sukari kwa asali yangu."

"Nagaa, mama Zakari," Duba alijibu polepole. "Kwanza amani. Halafu utanitukana."

"Amani gani? Kibuyu imenyamaza! Siku zote inaongea, sasa imenyamaza. Umeweka sukari."

Duba alichukua kijiko, akachota asali kwenye ndoo yake, akala yeye kwanza, kisha akampa kijiko. Kinanu aliinusa, akaigeuza kwenye mwanga, akaionja. Ilikuwa asali ile ile, nzito, yenye maneno.

"Wallahi sijaweka kitu," Duba akasema. "Baba yako akikuja hapa alikuwa anakaa, tunapiga stori, anachukua mzigo anaenda. Wewe unakuja kunusa. Miaka yote unanusa. Mimi nikasema, sawa, huyu mama ana pua, wacha pua ifanye kazi. Lakini leo umenitukana."

Kinanu aliinamisha kichwa. Hapo, pengine kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akamweleza: nailoni, sanduku, kufuli. Hakusema ni matunda ya pombe, alisema tu ni vyombo vya baba yake. Duba alisikiliza akitikisa kichwa.

"Vyombo ya maziwa?"

"Kama hiyo."

"Basi mimi sijui yako, lakini najua ya mama yangu. Gorfa, ile tunasuka ya kuweka maziwa. Ukimaliza unaitia moshi ya mti mzuri, unaitundika mdomo wazi, ipate hewa. Mahali watu wanapita, nyumba inapikwa, moshi iko. Dada yangu aliolewa, akaogopa wake wenza watamwibia gorfa yake nzuri. Akaifunika, akaificha chini ya nguo. Ilioza, maziwa yote ikaharibika. Mama akamwambia, mwizi angeiba moja. Wewe umeiba zote."

Kinanu alisimama pale soko likizunguka na kelele zake za mbuzi na madalali. *Mahali zitasikia watu wakiongea.* Kumbe mzee hakuwa amechoka. Watu wakiongea jikoni kuna moto, kuna moshi, kuna mlango unaofunguliwa na kufungwa. Alikuwa amemwambia kwa lugha rahisi kabisa, na yeye akasikia upuuzi.

"Nisamehe, Duba."

"Nimesamehe. Lakini kijiko rudisha."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Usidhani shaka ilikuwa imemtoka. Haitoki kwa siku moja. Njia nzima alijilaumu kwa zile alizoua, lakini Ngamia alibaki kama mwiba. Sanduku lilikuwa kosa lake, sawa, lakini mkono ulioiba ulikuwa wa nani? Alipofika langoni aliamua: leo hakuna mafumbo. Alivuka ua moja kwa moja hadi nyumba ndogo ya mabati. Mlango ulikuwa umefungwa. Redio ilikuwa inaimba. Basi, kwa sababu mazoea ni mazoea, kabla ya kubisha aliweka sikio kwenye ukuta.

Wimbo uliisha, mtangazaji akakohoa, na katika upenyo huo Kinanu akasikia. Ilikuwa sauti ndogo upande wa pili wa bati, karibu sana na sikio lake, sauti ya akina mama nyuma ya kanisa.

Hakubisha. Aliusukuma mlango.

Bridget alikuwa amepiga magoti kando ya jiko dogo la makaa. Kando yake kulikuwa na kibuyu kilichofungwa kitambaa mdomoni, na kibuyu hicho kilikuwa kikinong'ona bila haya. Juu, kwenye boriti, palikuwa na kulabu ya waya tupu, na waya umekuwa mweusi kwa moshi.

"Wewe," Kinanu akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi, mama." Bridget alisimama. Hakurudi nyuma. "Ngamia ako humu ndani, anafanya kazi. Nilimchukua. Sitakudanganya."

"Kwa nini uniibie?"

"Kwa sababu ulikuwa unataka kumuuza!"

Kumuuza? Yeye?

"Nilikuwa mlangoni," Bridget akaendelea, machozi sasa yakimtoka. "Yule mwanaume akisema jina ya mzee itafika Mombasa, ukanyamaza. Nikaona uso yako. Halafu ukamwambia tutaona. Nikamfuata mpaka geti nikamuuliza, mkishapata hiyo mbegu mtaifanyia nini? Akaniambia wakishaitoa hamira, asali hawahitaji, wataweka sukari na rangi na harufu. Na muratina yenyewe itatupwa. Nikasema, mama atauza, na mimi hata hajanifundisha. Basi nikachukua mkubwa wao nikamficha."

"Tutaona ni hapana!" Kinanu akapiga kelele. "Kila mtu anajua tutaona ni hapana!"

"Kwetu tutaona ni bei haijafika!"

Walitazamana. Redio ilianza wimbo mwingine na Bridget akaizima kwa hasira. Kinanu akatafuta hasira yake mwenyewe, akaikuta haipo mahali alipoiacha. Wiki nzima, mwezi mzima, kila mmoja wao alikuwa amekaa upande wake wa ua akimlinda Ngamia dhidi ya mwenzake.

"Ulijuaje kupika?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nilikuwa nachungulia. Tangu nije hapa nachungulia. Na ile maneno ya mzee, Zachary aliniambia, ati zisikie watu. Mimi sokoni naenda, kwa hivyo nikamwachia redio." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Nilijaribu mara mbili ikaharibika. Hii ndiyo imeshika. Nilijua zako zimekufa, mama. Harufu ilifika mpaka huku. Na ni baba yangu atakaa pale akingojea pembe."

Kinanu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alitaka kusema mengi, na mengine yalikuwa makali, kwa sababu wizi ni wizi hata ukiimbiwa injili. Lakini kibuyu kiliendelea kuongea, na sauti ile alikuwa ameilalia sikio tangu akiwa mtoto mgongoni kwa Mwirigi, na alikuwa ameamini hataisikia tena. Akalia. Hakujificha na kanga wala hakugeukia ukuta.

Bridget alingoja. Kisha akafungua kitambaa, akachota kwa kata, akamimina kwenye pembe ndogo ya Zachary iliyokuwa ikikaa juu ya kabati kama pambo. Uki ulikuwa na rangi ya dhahabu iliyochafuka kidogo, na povu lilikuwa likipasuka juu yake. Aliishika pembe kwa mikono miwili, akasimama wima mbele ya mama mkwe wake, akaiinua taratibu kuelekea mdomo wake mwenyewe, ili ionekane vizuri. Anayepika huonja kwanza. Alikuwa ameichungulia hata sheria hiyo.

Haikufika mdomoni. Kinanu alinyoosha mkono akaichukua.

Hakuinusa wala hakuigeuza kwenye mwanga. Aliinua kichwa akanywa mfululizo mpaka mwisho, koo likipanda na kushuka, na Bridget akiwa amesimama mikono mitupu, mdomo wazi. Alipomaliza alipangusa midomo, akasikilizia ulimi.

"Asali umezidisha," akasema.

"Sikuwa na mwalimu."

"Na makaa ni moto kali. Unataka kuni, na hutaki kuharakisha. Nani alikuambia uharakishe?"

"Ruracio ni Jumamosi, mama!"

"Hata kama ni Jumamosi."

Kinanu alivua rozari shingoni, akachomoa ufunguo akautupa kwenye kapu la vitambaa. Kisha wakabeba kibuyu pamoja, mmoja kila upande, wakavuka ua hadi jiko la moshi, wakakiweka pale kilipostahili. Jioni hiyo hiyo, uki ukiwa umeshashika, walimtoa Ngamia, wakamwanika, na jua liliposhuka wakamtundika kwenye kulabu yake ya zamani juu ya moto. Alikuwa peke yake sasa. Jumatatu wangeenda mtoni kuokota matunda mapya, na Ngamia angewafundisha kazi polepole, mwaka baada ya mwaka.

Chini yake wanawake wawili waliendelea kubishana kuhusu asali, kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna vita.

"Hakuna vita," Kinanu akamwambia. "Tunamwongelesha mzee. Ingia, kaa, nawe useme kitu."

Jirani akaingia. Alipoondoka, vijiko havikuhesabiwa.